Siku ya Sahani Tupu

Ipo nchi moja ambayo nimekatazwa kuitaja jina, na mimi ni mtu wa kutii. Nimeruhusiwa kusema tu kwamba ina bahari upande mmoja na serikali pande tatu zilizobaki, na kwamba mji wake mkuu wa biashara unaitwa Magunia. Uliitwa hivyo kwa sababu kila kilichoingia humo kiliingia ndani ya gunia: mchele, karafuu, chumvi, shaba, na wapo wasemao hata baadhi ya mababu. Walikuja kuuza, wakakawia wakingoja bei ipande, bei haikupanda, wakaoa. Hiyo ndiyo historia yote ya Magunia. Vitabu vya shule huieleza kwa kurasa mia mbili, lakini havisemi zaidi ya hayo.

Mji wa watu wa namna hiyo haukosi desturi, na desturi kubwa ya Magunia ilikuwa kwamba sahani hairudi tupu. Jirani akikuletea chakula, unakila, unaiosha sahani, unamrudishia ikiwa na chakula chako, juu umeifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu. Huna kitu? Tia ndimu. Huna ndimu? Tia chumvi, mradi sahani isione aibu. Kurudisha sahani tupu kulikuwa na maana moja, nayo haikuhitaji kusemwa: ujirani umekufa, tusisalimiane. Katika Mtaa wa Kisimani jambo hilo lilitokea mara moja tu, mwaka wa mafuriko, na wajukuu wa nyumba zile mbili mpaka leo hawazikani.

Kisimani ndiko alikokaa Bi Kidawa binti Makame, msaga bizari. Ukuta wake ulipakana na wa Bi Kresensia, mjane wa fundi saa, na baina yao palikuwa na sahani moja ya bluu, yenye maua ukingoni na pengo dogo, iliyokuwa imekwenda na kurudi kwa miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa ya nani, hakuna aliyekumbuka. Kidawa alisema ni ya Kresensia. Kresensia aliapa kwa Mama wa Mungu kwamba yeye aliiona mara ya kwanza ikiwa na pilau ya Kidawa. Wiki aliyofiwa na mumewe, Kresensia hakuwa na kitu ndani, sahani ikarudi na kijiko kimoja cha chumvi. Kidawa aliipokea kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto, akaingia jikoni akalia. Wawili hao hawakuitana majina. Waliitana jirani.

*

Sasa ikatoka barua ng'ambo. Shirika la Miji Iliyochanganyika, lenye makao yake katika mji usio na mchanganyiko wowote, lilitangaza kutoa nishani kwa jiji ambamo tamaduni nyingi huishi pamoja na kubadilishana vilivyo vyao. Wakaguzi wangefika Magunia baada ya siku sitini.

Kazi ikapewa Wizara ya Asili, Mchanganyiko na Maonyesho, chini ya Mheshimiwa Tindwa. Mheshimiwa alizaliwa Magunia, mtaa wa wakamua mafuta, akapelekwa ng'ambo kusomea jinsi watu wa Magunia wanavyoishi, akarudi na shahada tatu. Alizunguka mjini siku mbili akiutafuta mchanganyiko, hakuuona. Alimwona muuza vitambaa wa Kihindi akigombana na mteja kwa matusi ya Kingazija. Alimwona mpagazi wa kutoka bara akichovya kachori kwenye mchuzi wa pweza. Aliona harusi yenye tarumbeta za beni, udi wa Kiarabu, na bibi harusi aliyekuwa akitukanwa na mawifi kwa lugha nne. Kila alipogusa, mambo yalikwisha kuwa kitu kimoja, na kitu kimoja huwezi kukipigia picha kama vitu sita.

Jioni akahutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "tatizo la mchanganyiko wetu ni kwamba umechanganyika mno. Mgeni hawezi kuuona. Ukitaka mtu ajue kuwa chunguni mna mchele na kunde, sharti umwekee mchele huku na kunde kule. Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeamua kuwatenganisha, ili muonekane mko pamoja."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa redio yenyewe ilitangulia kupiga.

Ndivyo ilivyozaliwa Operesheni Chambua. Kila mkazi angechambuliwa kama mchele unavyochambuliwa kwenye ungo, apelekwe penye asili yake: Mtaa wa Bara, Mtaa wa Pwani, Mtaa wa Uarabuni, Mtaa wa Uhindini, Mtaa wa Visiwani, na mtaa wa sita, karibu na jalala, ulioitwa Mengineyo. Kila mtaa ungekuwa na lango lake, vazi lake, ngoma yake, na saa maalumu za kucheka.

*

Afisa Asili wa Kata, Bwana Lameki Sozi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alibisha hodi kwa Bi Kidawa Jumapili adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita ndani, jua kali."

"Sipiti, mama, niko kazini. Nimekuja kukuuliza asili yako."

"Mbona jambo dogo. Baba yangu Makame, mtu wa visiwani. Mamaye baba, Mmanyema. Babu mzaa mama alikuja na shehena ya tende, akamwoa binti wa sonara wa Kihindi, wakamzaa mama hapo hapo nyuma ya kisima. Na mama mwenyewe alinyonyeshwa na jirani, Mgoa, maana bibi alikuwa na homa."

Bwana Sozi alimgeuzia fomu ili aione. "Kisanduku ni kimoja, mama."

"Basi andika Magunia."

"Magunia si asili. Magunia ni anwani."

"Basi zibanebane asili zote kwa herufi ndogo."

"Mimi nakuelewa, mama. Hata bibi yangu mimi..." Bwana Sozi akatazama nyuma, akakatiza maneno. "Bahati nzuri Wizara imeona mbali. Mwongozo, kifungu cha tisa: mhusika akiwa na maelezo mengi, asili yake itatambuliwa kwa chakula kitakachokutwa jikoni."

Akaingia jikoni. Juu ya meza, chini ya kawa, ilikuwa sahani ya bluu, na ndani yake ndizi za kupikwa na nyama, bado zinafuka moshi. Zilikuwa zimevuka ukuta nusu saa iliyopita.

"Ndizi," Bwana Sozi akaandika. "Bara, upande wa maziwa."

"Hizo si zangu, baba. Ni za jirani."

"Ziko jikoni kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi."

Akaenda nyumba ya pili, kwa Bi Kresensia, ambaye babu yake kweli alitoka bara, upande wa maziwa, na ambaye shingoni alivaa rozari. Jikoni akakuta bokoboko la Bi Kidawa la jana yake likipashwa moto. Ngano na nyama na samli. Mwongozo haukuwa na shaka yoyote. Akaandika Uarabuni. Kresensia akaishika rozari akamnyanyulia puani aione vizuri. Bwana Sozi akaitazama kwa heshima, akaongeza kwenye safu ya maelezo: "Ana tasbihi."

Malori yalikuja Jumatano. Kidawa alipakiwa kwenye lori la Bara, Kresensia kwenye lori la Uarabuni, na mizigo yao ikapangwa na watu wasiojali kipi ni cha nani. Lori la Kresensia lilipoanza kusogea, alisimama juu ya godoro lake akapaza sauti.

"Jirani, sahani iko kwako."

"Najua, jirani. Itarudi."

*

Mtaa wa Bara ulikuwa mashariki ya mji, Uarabuni magharibi, na katikati malango manne. Kidawa alipewa kaniki, ushanga na kinu. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili alitakiwa asimame barazani atwange. Kinu kilikuwa kitupu, maana unga ungewaingia wageni machoni.

Mwalimu wa asili, mtu aliyeletwa kwa mkataba kutoka nchi ya mbali, alipita kila siku na kijiti.

"Hivyo sivyo, mama. Babu zako hawakutwanga hivyo."

"Babu zangu waliuza tende."

"Hao ni wale wa zamani. Mimi nazungumzia hawa wa kwenye fomu."

Majirani zake wapya, karibu nusu yao, walikuwa watu waliokutwa Jumapili ile na chakula cha wenzao. Kinyozi wa Kihindi alikuwa akijifunza kurusha mkuki kwa kuwa alikutwa anamalizia ugali wa mpangaji. Aliurusha vizuri sana, akasifiwa kuwa damu haipotei.

Biashara ya Kidawa ilifungwa. Bizari ya pilau ilipigwa marufuku mpaka mwenyewe aichambue, bizari nyembamba peke yake, pilipili manga peke yake, mdalasini peke yake. Alimwambia karani kwamba bizari ikishasagwa hairudi nyuma. Karani akampa fomu ya kuomba muda zaidi.

Lakini si bizari iliyomkosesha raha. Ilikuwa sahani. Aliiweka rafuni, ikawa inamtazama. Aliigeuza kifudifudi, akaona kama ameifanyia kejeli, akaigeuza tena. Alikaa, akasimama, akafagia palipokwisha fagiwa. Siku ya nane ikapita, ya kumi na mbili, ya ishirini. Miaka thelathini na mmoja sahani ile haijawahi kulala kwa mtu zaidi ya usiku mmoja. Alijua Kresensia ni mtu wa kusubiri kimya, na kimya cha Kresensia kilimkera kuliko maneno ya watu kumi. 

Kuvuka malango kulihitaji Kibali cha Mabadilishano ya Utamaduni, Daraja la Pili, Vyakula. Aliomba siku ya kwanza kabisa. Kilitoka siku thelathini na tisa baadaye, kikiwa kinatumika kesho yake tu, kwenda bila kurudi siku hiyo. Hiyo kesho ilikuwa pia siku ya wakaguzi, lakini Kidawa hakuwa na haja na wakaguzi.

Aliamka alfajiri akapika mkate wa kumimina. Unga wa mchele alioulowanisha jana, tui la kwanza, iliki, sukari, moto chini na moto juu. Uliumuka vizuri. Aliukata vipande vinane, akavipanga kwenye sahani ya bluu, akafunika kawa, akatoka karibu anakimbia.

*

Kila lango lilikuwa na dirisha, na juu ya kila dirisha kibao: FORODHA YA UTAMADUNI. TUNAKUZA MABADILISHANO.

"Funua, mama," akasema afisa wa dirisha la kwanza. "Hapa tunashughulika na unga. Mchele wa wapi?"

"Wa dukani."

"Tutautambua." Akachukua kipande kimoja. "Sampuli." Akachukua cha pili. "Nakala."

"Nakala ya nini, baba?"

"Ya sampuli. Serikali haifanyi kazi bila nakala."

Akaila sampuli, akampa mwenzake nakala aithibitishe. Wakaafikiana kwamba ni mchele. Muhuri ukagongwa.

Dirisha la pili lilikuwa la nazi. Afisa wake, mama wa makamo, alitafuna amefumba macho.

"Tui la kwanza hili."

"La kwanza, mwanangu."

"Mama yangu alikuwa akitia tui la kwanza." Alijifuta macho kwa karatasi ya ofisi, akagonga muhuri, akachukua nakala.

Dirisha la tatu lilikuwa la viungo. Huko ilionekana kwamba mhusika anatorosha iliki, mali ya Uhindini, kwa kuipitisha Bara ili aiingize Uarabuni, kosa lenye vifungu viwili. Kidawa alisimama mguu huu, akasimama mguu ule, akasikiliza vifungu vyote viwili vikisomwa. Walimsamehe baada ya sampuli na nakala.

Alipofika dirisha la nne, vipande vilikuwa viwili. Aliviziba kwa viganja.

"Hapa ni upishi," akasema afisa, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini. "Nani kaweka moto juu? Huo ni mtindo wa wapi?"

"Mwanangu, nakuomba. Hivi viwili visiguswe. Wewe mtoto wa hapa, unajua. Sahani hairudi tupu."

Afisa alitazama sahani, akatazama barabarani, na uso ukamsawijika.

"Najua, mama. Wallahi najua. Lakini nisipoonja sigongi, na nisipogonga hupiti."

"Onja kimoja."

"Na nakala?"

 Huko nje tarumbeta zilikwisha anza kulia, wageni wanakaribia. Afisa alikila cha kwanza polepole, kama mtu anayekunywa dawa. Cha pili alikila amempa mgongo. Kisha akaandika kwenye kibali: "Sahani moja, kawa moja, ruksa," akagonga muhuri.

"Nipe basi chembe ya chumvi," akasema Kidawa.

"Chumvi inatoka dirisha la tano, mama, na la tano halijajengwa."

"Nirudi nikachukue ndimu nyumbani."

"Kibali chako ni cha kwenda tu."

Akageuka kuangalia chini, labda ataona jani, labda ataona chochote kinachoweza kuitwa kitu. Mtaa ulikuwa umefagiwa kwa ajili ya wageni mpaka vumbi limekwisha. Nyuma yake askari waliokuwa wakipanga msafara walikuwa wanasukuma watu waingie, nao wakamsukuma na yeye.

*

Msafara na Bi Kidawa walifika mlangoni kwa Bi Kresensia pamoja. Wakaguzi walikuwa watano, wakiongozwa na bibi mmoja mrefu wa kigeni mwenye kofia ya majani makavu, na pembeni yake Mheshimiwa Tindwa akieleza kila kitu kabla hakijaonekana. Bi Kresensia alitoka akiwa amefunikwa mabaibui mawili, mkononi dele ya kahawa aliyopewa na Wizara. Alipomwona Kidawa ameshika sahani ya bluu na kawa juu yake, aliiweka dele chini bila kuangalia inapotua.

"Nilijua," alisema, na meno yake yote yakaonekana. "Nilijua tu."

"Jirani, ngoja kwanza nikwambie..."

Lakini Kresensia alikuwa amesubiri siku arobaini. Akainua kawa.

Sijui niieleze vipi sura ya mtu aliyeletewa sahani tupu baada ya miaka thelathini na mmoja. Meno yalirudi ndani moja moja. Hata Mheshimiwa Tindwa, aliyelelewa na mama wa Magunia, alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Bibi wa kofia aliinama akauliza hiyo ina maana gani. Wageni walikuwa wanangoja, kamera zinangoja, na nishani ilikuwa ndani ya kisanduku kilichobebwa na mkaguzi wa tano. Mheshimiwa akajikohoza.

"Waheshimiwa wageni, mna bahati. Hii ni ibada kongwe ya watu wetu, haifanywi mbele ya kila mtu. Mtu wa Bara humletea mtu wa Uarabuni sahani tupu. Maana yake: sikudai, hunidai, kila mmoja wetu abaki na lake. Juu ya msingi huo ndugu hawa wameishi kwa amani karne na karne."

Bibi wa kofia aliweka mkono kifuani. Mwenzake aliomba warudie, hakuwa amepata picha vizuri. Ofisa itifaki akaishika mikono ya wanawake wawili, akairudisha kawa juu ya sahani, akamwamuru Kresensia ainue tena. Kresensia akainua tena. Ilikuwa tupu vilevile.

"Jirani, mkate wameula wao," Kidawa akasema. "Vipande vinane."

"Mhusika asiseme," akasema ofisa itifaki. "Ibada ni ya kimya."

Kresensia aliichukua sahani, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Kidawa alisikia komeo. Saa ile ile Magunia ikapewa nishani.

*

Serikali iliyopata kitu hukitunza. Mitaa ilitakiwa ibaki ilivyo, maana wakaguzi walisema watakuja tena, na vibali vya chakula vikafutwa kwa kuwa sasa ilijulikana kwamba utamaduni wetu ni wa sahani tupu. Bunge likapitisha Siku ya Sahani Tupu, ikawa sikukuu. Watoto wa shule walifundishwa kupeleka sahani tupu kwa watoto wa mitaa mingine huku wakisema, "Baki na lako." Kiwanda cha sahani kikafunguliwa. Wazee wengine walinung'unika kwamba jambo hilo ni balaa, wakahamishiwa Mengineyo.

Kidawa aliandika barua. Ilikuwa fupi: yote yaliyotokea madirishani, na msamaha. Wizara ikaeleza kwamba barua ya mtu wa Bara kwenda kwa mtu wa Uarabuni sharti itafsiriwe, ingawa wote wawili walisema lugha moja na matusi mamoja. Ilipelekwa kwa watafsiri. Mpaka ninavyosimulia, ingali inatafsiriwa.

Mwaka ule alikonda. Alitwanga kinu chake kitupu kwa hasira mpaka mwalimu wa asili akamsifu kwamba sasa babu zake wameanza kumrudia. Kila alipomaliza kupika, mkono wake ulienda rafuni wenyewe kuitafuta sahani, ukashika hewa. Alijiambia Kresensia ni mtu mwenye akili, atakuwa ameelewa. Akajiambia pia kwamba mtu mwenye akili ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa hasahau. Akawa anayazungusha hayo mawili kutwa nzima, hajui ashike lipi.

Sikukuu ilipofika, waliitwa wote wawili kama Mashujaa wa Sahani Tupu. Jukwaa lilijengwa pale pale Kisimani, juu ya kisima chenyewe. Kanuni zilisomwa kwa kipaza sauti: safari hii Uarabuni humrudishia Bara, sahani ifunikwe kawa, kawa isiinuliwe, kwa sababu utupu ni urithi wa taifa na hautazamwi ovyo.

Mheshimiwa Tindwa alisimama katikati yao na kitambaa cha jasho. Alitoa hotuba ya saa mbili kuhusu faida za kutokuwa na kitu cha kupeana. Kidawa hakusikia hata neno moja. Alikuwa anautazama uso wa Kresensia, na uso wa Kresensia ulikuwa unatazama mbele kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Hatimaye ngoma ikapigwa. Kresensia akasogea na sahani ya bluu. Kidawa akanyoosha mikono, ameilegeza, kama unavyopokea kitu chepesi.

Sahani ilipotua, mikono ikashuka.

Ilikuwa nzito. Ilikuwa na moto unaopenya udongo mpaka viganjani, na pembeni ya kawa palitoka kamvuke kembamba kenye harufu ya ndizi zilizoiva na nyama na kitunguu.

"Pokea, jirani," akasema Kresensia bila kuchezesha midomo. "Yule wa dirisha la nne alikuja akaungama. Aliniletea ndimu mbili."

"Mbili?"

"Alisema moja ni nakala."

Kidawa alitaka kucheka na machozi yakamtangulia. Watu chini wakapiga makofi wakidhani ni uzalendo. Mheshimiwa Tindwa, aliyesimama karibu nao kuliko mtu mwingine yeyote, alikuwa ameacha kupunga kitambaa. Pua yake ilikwenda upande wa kawa, ikarudi, ikaenda tena.  Akainamisha kichwa akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtaa wa wakamua mafuta, ambayo haikuwa imesikika tangu aende ng'ambo.

"Mama, hiyo sahani iko tupu?"

Bi Kidawa aliibana sahani kifuani isije ikamponyoka kwa uzito.

"Tupu, Mheshimiwa," akasema, na kichwani alikwisha anza kutafuta kesho atapata wapi unga.